Kwa vijana wa maabara, na wasimamizi wao wasikie

Wanangu,

Nawaandikia hasira haijapoa, mnivumilie. Mwezi uliopita nilialikwa kusikiliza kijana akieleza alivyogeuza hewa ukaa kuwa ethanoli, yaani pombe, kwa umeme na kipande cha shaba. Ukumbi ukapiga makofi. Nikamuuliza: ulirudia jaribio bila hewa ukaa, ukapitisha agoni tupu, gesi isiyo na kaboni? Akamtazama msimamizi wake. Msimamizi akamjibia: muda haukutosha.

Muda! Yoshio Hori na wenzake wa Japani walichapisha mwaka 1985 kwamba shaba hutoa methani kutokana na hewa ukaa. Hadi leo shaba hiyohiyo inatupa mchanganyiko, pamoja na haidrojeni ambayo hakuna aliyeiomba. Hewa ukaa ni kama majivu: imeshaungua, na chochote unachokitoa humo unakilipia umeme. Kitu kigumu hivyo kikikubali siku ya kwanza, shtuka.

Nikaongozana na kijana hadi maabara. Kando ya sinki ilisimama chupa ya ethanoli, ndiyo aliyooshea ile shaba. Tukapitisha agoni kwa muda uleule, na kilima kilekile cha ethanoli kikachomoza kwenye grafu: ilitoka kwenye chupa, si kwenye hewa ukaa. Mikono ilimtetemeka. Hakudanganya, maskini, hakufundishwa. Na makala ilikuwa imeshatumwa.

Nyie wasimamizi, hapo ndipo mnaponikera. Mara ya mwisho kushika chupa za mwanafunzi wako ilikuwa lini? Jina lako linatangulia kwenye makala, mguu wako haufiki maabara. Vyuo navyo vinahesabu makala kama karani wa ghala anayehesabu magunia bila kufungua hata moja, kisha vinapandisha watu vyeo.

Mengine kwa ufupi. Daftari liandikwe siku hiyohiyo. Kila chupa iwe na jina. Mkipata fedha, tumieni hewa ukaa yenye kaboni-13, kaboni iliyo nzito kidogo: ikionekana ndani ya ethanoli, mnajua imetoka kwenye hewa ukaa yenu, hiyo haibishaniwi. Fundi wa maabara asalimiwe, anajua mashine inapougua. Na msitangaze kwamba mtaokoa dunia: urea hutengenezwa kwa amonia na hewa ukaa, lakini mkulima akishaimwaga shambani, hewa ile inarudi angani.

Kijana wangu kaiondoa makala, kwa uamuzi wake. Juzi kaniletea grafu mbili, ya hewa ukaa na ya agoni, zote bapa kama meza. Nikamwekea chai, tukaanza kuzisoma.

Babu yenu wa kemia