Hamisi, Fibo yako inaanzia wapi?

Kimara, Dar es Salaam

Kwako Hamisi,

Salamu nyingi. Huku sote wazima, joto tu ndilo linatutesa. Picha ya chati yako ya bei za fedha za kigeni niliifungua nikiwa kwenye mwendokasi, nimebanwa mlangoni, nikacheka peke yangu mpaka mama mmoja akanigeukia. Usikasirike. Nilijiona mwenyewe mle ndani.

Mistari yako ya Fibo, ile ya Fibonacci tunayoichora kutoka chini hadi juu ya mpando kukisia bei itarudi nyuma hadi wapi, imekaa vizuri mno. Ile 61.8, pale bei inapokuwa imerudisha asilimia 61.8 ya mpando, imeangukia palepale uliponunua. Sasa niambie ukweli, kaka: ulichora Fibo ndipo ukanunua, au ulinunua, bei ikakugeuka, ukaanza kutafuta bonde (pale bei iliposhuka kabla ya kupanda) la kuchorea? Mimi niliwahi kusogeza mwanzo wa Fibo mara tatu usiku mmoja kwenye pauni na dola, kila nikisogeza napata mstari wa kunifariji. Alfajiri akaunti ikaungua. Shemeji yako sijamwambia hadi leo, nawe nyamaza.

Angalia hesabu hii. Euro kwa dola imepanda kutoka 1.0800 hadi 1.1000, pipsi 200 (pipsi moja ni 0.0001 ya bei). Ukichora kutoka chini kabisa, 61.8 inakaa 1.0876. Lakini njiani bei ilipumzika kidogo 1.0900. Ukianzia hapo, 61.8 inahamia 1.0938. Tofauti ya pipsi 62, na soko halijafanya lolote. Ni mkono wako tu uliosogea.

Kwa hiyo mimi sasa nachukua bonde ambalo mpando wake ulivunja kilele kilichotangulia. Nalitafuta kwenye chati ambayo kila mshumaa unaonyesha bei za muda wa saa nne, au za siku nzima, na kama nalazimika kuivuta picha karibu ili nilione, basi silo. Kilele nacho hakijawa kilele mpaka mishumaa miwili ya kulia kwake ifunge bila kukifikia, kama Bill Williams, yule mfanyabiashara wa Marekani, alivyohesabu mishumaa yake mitano, kilele katikati na miwili kila upande. Wewe umechora mshumaa ukiwa bado unawaka, haujafunga! Bei ikipanda zaidi, sogeza juu peke yake, chini paache. Ikifunga chini ya bonde, futa Fibo nzima, usiibembeleze.

Umeuliza tupimie utambi wa mshumaa (ule mstari mwembamba unaofika bei ya juu au ya chini kabisa) au mwili (kutoka bei ya kufungua hadi ya kufunga). Natumia utambi, kwa kuwa bei ilifika pale. Isipokuwa ule wa dakika ya taarifa ya ajira za Marekani, Ijumaa ambayo mara nyingi ni ya kwanza ya mwezi, saa tisa na nusu alasiri kwetu (kwao kukiwa baridi, saa kumi na nusu). Dakika ile kila broka, yaani dalali wa soko, ana utambi wake, maana soko hili halina ukumbi mmoja wa kuandika bei. Unamkumbuka yule fundi wa Keko aliyetuchongea kitanda? Kabla ya kushika futi alikagua ncha ya ubao, akakuta imepasuka, akaikata kwanza, wewe ukanung'unika kwamba anatupunjia mbao. Utambi wa namna ile ndiyo ncha iliyopasuka. Pale napimia mwili.

Halafu ile asilimia 50 unayoitegemea haitoki kwenye uwiano wa Fibonacci kama 61.8, wafanyabiashara wameipachika tu. Fibonacci mwenyewe, mzee wa Pisa, mwaka 1202 alikuwa anahesabu sungura wanaozaana, habari za dola hana.

Nitumie chati ya wiki hii ikiwa tupu, bila mstari hata mmoja. Nami nitaweka alama zangu mbili, ya chini na ya juu, kwenye yangu bila kukuonyesha, kisha Jumamosi tulinganishe. Na ile oda uliyoiacha wazi, ifunge leo kabla soko la New York halijafunguliwa.

Msalimie mama. Mwambie ile dagaa imefika salama, nusu yake tumeshamaliza.

Nduguyo,
Salum