Watafsiri wa sinema, mwacheni mama alie

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na watafsiri, wale wanaosimulia kwa Kiswahili juu ya sauti ya sinema za kigeni, ambao kazi zao zinaonyeshwa kwenye vibanda vya video hapa Moshi na Arusha. Sinema za vita mnazimudu. Za mizimu, hasa zile za mama aliyefiwa, mnaziharibu, na huharibikia mahali palepale: kwenye ukimya.

Chukueni Hereditary ya mwaka 2018. Kijana anarudi usiku na gari, mdogo wake kafia kiti cha nyuma kwa ajali. Hamwambii mtu, anapanda kitandani. Asubuhi kamera imeganda usoni kwake. Mama hatumuoni, tunasikia tu anatoka kwenda kwenye gari, kisha ukelele. Mtafsiri akipachika hapo "mama kaona mambo!", kilio kimepotea na yote yanayofuata hayana mzizi. Mama huyo kazi yake ni kuunda vijumba na visanamu vidogo, kwa hiyo baadaye anaiunda ajali yenyewe mezani. Banda zima linacheka, maana wameshaambiwa ni mchawi. Uchawi umo kweli, ila ni wa bibi yake yule kijana, marehemu.

The Babadook ya Australia, ya 2014, ya zimwi linalomwandama mjane na mwanawe, inataka maelezo zaidi. Mume alikufa ajalini akimpeleka mkewe kujifungua. Siku ya kuzaliwa mtoto ndiyo siku ya msiba, na haisherehekewi tarehe yake. Mkiliruka hilo, mtazamaji atabaki akijiuliza kwa nini mama hamtaki mwanawe. Semeni pia kwamba mjane yule yuko peke yake. Huku kwetu wangekuwa shangazi watatu wamelala mkekani sebuleni, zimwi lingepitia wapi? Na mwishoni haliuawi. Linafungiwa chini ya nyumba, penye vitu vya marehemu, na mama analipelekea bakuli la minyoo. "Wamelishinda" ni tafsiri ya uongo.

Upande wa sauti, wengi mnaishusha ya filamu mwanzo hadi mwisho ili yenu isikike. Maneno, pumzi na mlio wa mlango viko pamoja. Mkishusha kimoja, vimeshuka vyote. Shusheni mnapoongea tu, mkinyamaza ipandisheni. Maelezo yatangulie tukio, yasiliparamie. Na kwenye kasha la DVD, acheni kuandika "Mama Mchawi".

Mpenzi wa sinema,
Pasua, Moshi