Tusisubiri kidonda ndipo tumgeuze mgonjwa

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie jambo ambalo hapa Mombasa hulinong'ona tu tukishatoka wodini: vidonda vya kulala. Latia aibu. Mgonjwa akirudi nyumbani na kidonda mgongoni, majirani husema watoto hawakumtunza, na watoto nao husema manesi walikuwa kwenye simu.

Mjomba wangu ni baharia mstaafu. Kaskazi iliyopita aliteleza kwenye ngazi za nyumba yetu Kibokoni, ngazi zile za kizamani zilizosimama wima, akavunjika mfupa wa paja. Hospitalini (sitaitaja, nia yangu si kumfedhehesha mtu) alilazwa chali, mguu ukafungwa kamba na uzito ukaning'inizwa mwisho wa kitanda ili mfupa ukae sawa. Wiki tatu za mwanzo sisi jamaa tulikuwa tukiingia saa za kutazama wagonjwa, tukamlisha, tukampa habari za baraza, tukaenda zetu. Hakuna aliyemfunua shuka miguuni.

Siku tuliyomfunua tulikuta doa jeusi kisiginoni, ukubwa wa sarafu ya shilingi ishirini, limekauka kama ganda la ukwaju. Na si mguu uliovunjika, ni ule mzima. Kumbe kila alipotaka kujisogeza juu kwenye mto alikuwa akijisukuma kwa kisigino hicho, mchana na usiku, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kujisukumia.

Nesi wa zamu ya usiku, mama mtu mzima, hakulaumu mtu. Alipomaliza na kisigino aliingiza mkono chini ya kiuno cha mjomba, pale uti wa mgongo unapoishia, kisha akanishika mkono wangu akauweka papo hapo.

"Wasikia?"

Palikuwa na joto kushinda pembeni, na nyama yake teketeke kama embe lililopitiliza kuiva. Tulipomwinamisha kidogo nikatazama, sikuona kitu.

"Vitabu vyasema utafute wekundu," akaniambia. "Mwanangu, mjomba wako umemwona mwekundu lini?"

Bwana Mhariri, maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niandike. Maelezo mengi ya jeraha hili husema hatua ya kwanza ni wekundu usiopotea ukibonyezwa kwa kidole. Kwa ngozi nyeupe ni kweli. Kwa ngozi zetu wekundu huo mara nyingi hauonekani, na anayeutafuta kwa macho atapita bila kuona lolote. Ngozi nyeusi hutazamwa kwa mkono: ni ya moto au ya baridi kuliko jirani yake? Imekuwa ngumu, au imelegea? Mgonjwa yaonyesha kumuuma akiguswa hapo? Macho nayo yana kazi, lakini ni kutafuta weusi uliozidi, rangi ya zambarau, au mng'ao usiokuwepo jana. Na taa iwe ya kutosha, si ile moja ya katikati ya wodi.

Jina lenyewe pia latupoteza. Tukisema "kidonda" twasubiri kidonda. Mwaka 2016 jopo la wataalamu wa Marekani wanaoshughulikia suala hili waliacha neno la kidonda wakachukua neno la jeraha, kwa sababu katika hatua ya kwanza ngozi haijapasuka kabisa. Uzito wa mwili hubana nyama kati ya mfupa na godoro, damu ikakosa njia, na mara nyingi nyama iliyo karibu na mfupa ndiyo inayoumia mwanzo. Ngozi ikifunguka, huenda chini yake pameshakuwa shimo. Ukikutana na jeraha hatua ya kwanza ukaondoa uzito, mwili waweza kujirekebisha wenyewe. Mgongo wa mjomba ulitulia kwa siku chache, baada ya kufundishwa kujiinua kwa mshikio ulioning'inia juu ya kitanda. Kisigino kilituchukua miezi saba ya kufunga na kufungua bandeji.

Yule mama alitufundisha mengine nisiyotaka yaishie kwetu. Mto uwekwe chini ya shavu la mguu, kisigino kielee hewani, hata karatasi iweze kupita. Zile glavu zilizojazwa maji ambazo watu huweka chini ya visigino aliziondoa kwenye vitanda viwili akazitupa, hazisaidii. Mgonjwa anayeweza kugeuzwa asilazwe ubavu kabisa, maana mfupa wa nyonga utabeba mzigo wote. Ainamishwe kiasi cha nyuzi 30 na mto umshikilie mgongo. Kichwa cha kitanda kikiinuliwa sana, mwili huteleza chini huku ngozi imenaswa na shuka, na nyama huchanika kwa ndani. Akisogezwa juu, anyanyuliwe kwa shuka na watu wawili, asiburutwe.

Shangazi yangu alikuja na chupa ya mafuta ya nazi, tayari kumkanda mjomba mgongo mpaka apone. Kuipaka ngozi kavu taratibu si vibaya. Kukanda kwa nguvu pale palipokwisha kuumia ni kuongeza jeraha, na kumweleza shangazi hilo kulihitaji subira kuliko kumgeuza mgonjwa.

Sasa lililo la hospitali. Najua nesi mmoja usiku hawezi kugeuza wodi nzima kila baada ya saa mbili, tena kwa joto letu hili, magodoro yamevikwa plastiki na wagonjwa wanalowa jasho, na ngozi iliyoloa ndiyo nyepesi kuharibika. Lakini kuna karatasi moja ya kupima hatari ya jeraha hili, ya Braden (jina la mmoja wa walioitunga), iliyochapishwa Marekani tangu 1987. Hupima mambo sita: hisia, unyevu, kutembea, kujigeuza, chakula, na msuguano. Alama 23 ndizo za juu kabisa. 18 kushuka chini, mtu yumo hatarini. Haihitaji mashine wala umeme. Mjomba angepimwa siku ya kwanza, angalau tungejua tunachotafuta.

Ninachoomba kwa wakuu wa hospitali zetu, za kaunti na za binafsi, ni hiki. Mgonjwa asiyejiweza akaguliwe ngozi siku anayolazwa, na iandikwe, hata kama haina kitu. Kadi ining'inie kitandani ionyeshe aligeuzwa saa ngapi na alilazwa upande gani. Na jamaa mmoja aruhusiwe kubaki nje ya saa za kutazama wagonjwa, afundishwe kugeuza na kugusa. Sisi tulikuwa watu kumi na mmoja tunaopokezana kupeleka uji. Hakuna aliyetuambia tungeweza kufanya kingine.

Mjomba sasa atembea kwa mkongojo mpaka barazani. Viatu vya kufunika havai tena, vyamsugua pale kisiginoni. Ashinda na makubadhi, hata kwenye harusi.

Mpwa wa mgonjwa,
Kibokoni, Mombasa