Mhariri, Ivan Mauger mnamuacha wapi?

Ndugu mhariri, salam kwako na timu nzima ya michezo. Nawasoma sana na kurasa za mpira sina ugomvi nazo, ila kila mkitaja mabingwa wa pikipiki wa dunia ni Agostini, ni Rossi, basi. Ivan Mauger hamumgusi kabisa na hilo linaniuma kweli, maana jamaa kabeba ubingwa wa dunia wa spidwei mara 6: 1968, 1969, 1970, 1972, 1977 na 1979.

Kwa ambaye hajawahi kuuona huu mchezo, wanaingia watu wanne, raundi nne kwenye udongo, dakika moja hivi imeisha. Pikipiki ni cc 500, inatumia methanoli, gia moja, alafu haina breki. Haina kabisa! Kona zote ni za kushoto na unaikata kona kwa kuachia tairi la nyuma liteleze huku mguu wa kushoto wenye kiatu cha chuma unaburuzwa chini. Wa kwanza pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1, wa mwisho hapati kitu, kwa hiyo ule utepe unaowazuia pale mwanzo ukipaa tu juu, ukachelewa kutoka, unakula vumbi la wenzako mpaka mwisho, na kwenye kutoka ndo Mauger alikuwa hashikiki.

Lakini kinachonigusa mimi ni alikoanzia. Kazaliwa Christchurch, New Zealand, 1939. Akiwa na miaka 17 tu, 1957, kapanda meli na mkewe Raye, binti mdogo kama yeye, wakaenda Uingereza kutafuta maisha. Timu ya Wimbledon ikamchukua ila mbio anapewa chache tu, akawa anafanya kazi za pale uwanjani, mwisho wakarudi kwao mikono mitupu. Angeishia hapo nani angemlaumu? 1963 akarudi tena, safari hii Newcastle, na miaka mitano baadae ni bingwa wa dunia.

Kabla ya fainali ya 1970 kule Wrocław, Poland, Wamarekani wawili walimuahidi akichukua mara ya tatu mfululizo, kitu ambacho hakuna aliyewahi kukifanya, pikipiki yake wataichovya dhahabu. Akachukua, nao wakaichovya kweli! Ile ya sita kaibeba Chorzów 1979 akiwa amebakiza kama mwezi mmoja atimize miaka 40.

Alifariki Aprili 2018. Tony Rickardsson wa Sweden alimfikia kwa mataji 2005, na Bartosz Zmarzlik wa Poland naye kafika 6 mwaka 2025, kwa hiyo mkimuandika Zmarzlik, na lazima mtamuandika akipata la saba, tafadhali mhariri muwekeni na Mauger na picha yake ya ile pikipiki ya dhahabu.

Msomaji wenu wa siku nyingi