Malalamiko kuhusu kifaa chenu cha kupima damu kinachoshindwa na joto la Arua

Arua, 24 Februari

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Mimi ni mtaalamu wa maabara katika kliniki ndogo nje kidogo ya mji wa Arua. Novemba tulinunua kwa wakala wenu wa Kampala kifaa cha mkononi cha kupima damu pamoja na katriji 50 (vijisanduku vya kutilia tone la damu, kila kimoja hutumika mara moja). Alituhakikishia kinafanya kazi popote, hata chini ya mwembe. Betri kweli inadumu, na tone moja la kidoleni linatosha. Hapo hakudanganya.

Joto ndilo hakulitaja. Mwezi huu, ikifika saa nane mchana, chumba chetu kinapita nyuzi 30. Kifaa kinatoa onyo na kujifunga, tena baada ya katriji kutiwa damu! Vile vijifereji vya ndani vikishanyonya tone, katriji ni ya kutupa. Tumetupa 14 kufikia leo. Kila mara mtoto anatobolewa kidole upya, na mama yake ananitazama kama mnyonya damu.

Wiki iliyopita aliletwa mtoto wa miaka 2 mwenye malaria, viganja vyeupe kabisa. Hemoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) ikiwa chini ya gramu 7 kwa desilita, kwa umri huo ni upungufu mkali wa damu, wala si jambo la kusubiri jua litue. Kifaa kiligoma mara mbili. Nikakitia katika kikasha cha kubebea chanjo, juu ya vifuko vya barafu (najua unyevu unaweza kukiua), ndipo kikasoma 5.8. Mama na mwanawe wakapanda boda boda kwenda hospitali, robo saa nzima imeshapotea.

Mwongozo wenu unataja nyuzi 16 hadi 30, ukurasa wa 61, kwa herufi za sisimizi. Kipeperushi cha mauzo hakisemi neno. Wakala nimempigia mara nne; ushauri wake ni kwamba nipime asubuhi.

Naomba mtulipe katriji 14, na mrekebishe programu ili kifaa kiangalie joto kabla ya kupokea damu. Hilo likishindikana, kichukueni mturudishie fedha zetu. Risiti na picha za maonyo nimeambatisha. Nijibuni kwa maandishi ndani ya siku 14. Zimebaki katriji 9, nazo nimezitenga kwa wagonjwa wa usiku.

Wenu,
Mtaalamu wa maabara