Risala ya wazamiaji wa kujitolea kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, viongozi wetu na ndugu wanakikundi, habari za asubuhi. Asante sana kwa kuja, tunajua ratiba yako imebana, na samahani kwa hii harufu, hayo magunia hapo pembeni ndo yametoka baharini leo hatukuwahi kuyasuuza.

Mgeni rasmi, watu wakituona wanatuita wazoa taka wa baharini. Sio uongo ila ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuhesabu na kuandika, na hiyo ndo haionekani kwenye picha.

Tukizama tunaenda wawili wawili, mmoja ana mkasi na mfuko wa wavu, mwenzake kibao na penseli (ndio, penseli ya kawaida, chini ya maji inaandika vizuri tu), anaandika kina, muda tuliokaa na eneo tulilopita. Tukirudi juu tunamwaga vyote, tunatenga plastiki, kioo, chuma, mpira, nguo, halafu tunahesabu moja moja na kupima kilo. Tusipokuta taka tunaandika sifuri. Wanachama wapya huwa wanacheka, lakini bila hiyo sifuri atakayesoma rekodi zetu ataona bahari yote ni jalala.

Mtindo huu hatukuubuni sisi, Project AWARE, shirika la wazamiaji wanaotunza bahari, walianza kuwaomba wazamiaji wa nchi mbalimbali taarifa kama hizi tangu 2011 kwenye mpango wao wa kuzamia na kuhesabu taka, Dive Against Debris. Na 2018 watafiti waliokagua miamba ya matumbawe 159 ya Asia na Pasifiki walieleza kwenye jarida la Science kwamba tumbawe likigusana na plastiki uwezekano wa kuugua unapanda toka asilimia 4 hadi 89, yaani plastiki inalikwaruza, inalizibia mwanga, vijidudu vinapata pa kuingilia. Hayo yamejulikana sababu kuna watu walihesabu.

Makosa pia tumefanya. Mwanzoni kabisa mwenzetu alikuta mshipi wa kuvulia samaki umejizungusha kwenye tumbawe la matawi, akavuta. Tulisikia wote, tak! tawi la urefu wa kiganja likadondoka. Hayo ya matawi ndo yanakua haraka, na hata hivyo ni hadi sentimita 10 hivi kwa mwaka, yale ya mviringo hayafiki hata 2. Toka siku ile hatuvuti, tunakata vipande vifupi vifupi, na kitu kikishaota matumbawe juu yake tunakiacha palepale tunakiandika tu. Hata chupa tunachungulia kwanza, juzi moja kumbe pweza mdogo kashahamia, tukamwachia nyumba yake.

Sasa maombi yetu. Nyavu kubwa zilizotelekezwa zinatushinda, zinaendelea kunasa samaki bila mwenyewe na zikilowa hazibebeki kwa mkono, tunahitaji maputo ya kuinulia na mafunzo yake, maana puto likipanda kwa kasi linaweza kumbeba na mtu. Pia pa kupeleka taka zikishatoka, tukizitupa jalala la wazi upepo unazirudisha baharini.

La mwisho ndo kubwa, mgeni rasmi, hizi fomu tunazojaza hesabu zetu zisomwe. Kuna kona moja ya mwamba tumeisafisha mara sita, na kila tukirudi mishipi imejaa upya, fomu zote sita zinasema hivyo hivyo. Hatuwalaumu wavuvi, wengine hapa ndo kazi yetu, ila pale wanaposhukia hakuna hata pipa la kutupia mshipi uliokatika. Tukiwekewa pipa, safari ya saba tutahesabu tena tukuletee majibu.

Faili ndo hili la bluu, kona moja imelowa ila linasomeka. Naomba kuwasilisha.