Yah: Kompyuta mliyoniuzia ikiwa tayari imetekwa

Uyole,
Mbeya.

17 Februari 2025

Meneja,
Duka la Kompyuta na Vifaa vya Ofisi,
Mwanjelwa,
Mbeya.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU PROGRAMU INAYOTEKA UTAFUTAJI WA MTANDAONI KATIKA KOMPYUTA NILIYONUNUA KWENU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu. Tarehe 19 Novemba 2024 nilinunua dukani kwenu kompyuta ya mezani iliyokwishatumika, kwa matumizi ya nyumbani. Nakala ya risiti nimeiambatisha. Bei ile ilijumuisha na kazi ya kuwekewa programu: Windows, programu za ofisi, kivinjari cha Chrome, programu ya PDF na ya kuchezea video. Sina lalamiko juu ya kioo, diski wala kasi ya mashine. Nalalamikia mlichokiweka ndani yake, na zaidi majibu niliyopewa nilipokuja kuwaeleza.

Tatizo lenyewe liko hivi. Ukiandika neno la kutafuta kwenye Chrome na kubonyeza, anwani ya juu inabadilika haraka haraka: linapita jina usilolijua, linafuata jingine, halafu unajikuta kwenye ukurasa uliotengenezwa ufanane na wa Google, ambao matokeo yake ya mwanzo yote ni matangazo. Ukienda kwenye mipangilio kurudisha Google, sehemu hiyo imefifia na haibofyeki; pameandikwa kwamba kuna kiendelezi, yaani programu ndogo ya kuongezea kwenye kivinjari, kinachoidhibiti. Ukienda kwenye viendelezi ili ukiondoe, kitufe cha kuondoa hakipo. Sisi nyumbani tunatumia bando la simu. Kila utafutaji unapitishwa kwenye kurasa za matangazo zenye video zinazojicheza zenyewe, kwa hiyo bando la wiki haliimalizi wiki, na fedha hiyo naitoa mimi.

Bando ningeweza kulivumilia. Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka mwezi Januari, binti yangu alikaa kwenye kompyuta hiyo kutafuta ya kwake. Tokeo la kwanza alilobofya lilimfungulia ukurasa unaodai namba ya simu na ada ya kuangalia matokeo. Baraza la Mitihani linaweka matokeo bure kwenye tovuti yake, necta.go.tz, na bahati nzuri binti alishtuka alipoona anwani haiishii na .go.tz, akaniita. Mtoto amesoma miaka minne, siku ya kujua alichovuna anapelekwa kwa matapeli na mashine iliyotoka dukani kwenu. Jambo hilo limenikera kuliko fedha zote nilizotoa.

Nilipoileta, fundi wenu alifuta historia, akaiondoa Chrome na kuisakinisha upya, akanitoza shilingi 15,000. Mbele ya wateja wengine akasema virusi hivyo vimeletwa na watoto wangu, eti wanafungua tovuti chafu. Jioni ile ile, baada ya kuiwasha nyumbani, hali ilirudi vile vile.

Kijana wa jirani anayesoma Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbeya alikuja kunisaidia, nami nilikaa pembeni yake mwanzo hadi mwisho. Kwanza alifungua orodha ya programu zilizosakinishwa na kuipanga kwa tarehe. Programu ya bure ya kugeuza PDF ilisakinishwa tarehe 14 Novemba. Chini yake, tarehe hiyo hiyo, kuna kitu kinachojiita msaidizi wa utafutaji, ambacho sikukiomba na wala hakimo kwenye risiti. Kisha akafungua kipanga kazi cha Windows (Task Scheduler), kinachoendesha kazi zenyewe kwa wakati uliopangwa. Humo kuna kazi inayojiendesha kila kompyuta inapowashwa, na safu ya tarehe ya kuundwa inaonyesha tena 14 Novemba. Siku hiyo kompyuta ilikuwa bado kwenu, siku tano kabla sijaitolea fedha. Watoto wangu walikuwa hawajawahi hata kuiona. Picha za skrini zote mbili zimeambatishwa, na naomba mziangalie tarehe hizo kabla ya kusoma mengine.

Aliponiandikia chrome://policy kwenye sehemu ya anwani, ukurasa unaoonyesha amri zilizowekewa Chrome, ndipo nilipoelewa kwa nini kazi ya fundi wenu haikufaa kitu. Ilionekana amri iitwayo ExtensionInstallForcelist. Hutumiwa na ofisi na shule kulazimisha kiendelezi fulani kiwepo kwenye kompyuta zao zote, na ndiyo sababu kitufe cha kuondoa hakikuwepo: Chrome ilidhani iko chini ya usimamizi wa shirika. Amri hiyo haikai ndani ya Chrome. Inakaa kwenye rejista ya Windows, yaani hifadhi ya mipangilio ya mfumo mzima, chini ya HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Policies\Google\Chrome, kwa hiyo hata ukiiondoa Chrome na kuirudisha, amri inaisubiri pale pale. Ukiifuta amri nayo, ile kazi ya kwenye kipanga kazi inaiandika upya utakapowasha. Kumtoza mtu shilingi 15,000 kwa kuisakinisha Chrome upya ni sawa na kupiga deki huku bomba limeachwa wazi.

Kijana aliondoa kwanza yule msaidizi wa utafutaji na programu ya PDF, akafuta ile kazi, ndipo akafuta amri kwenye rejista. Kwenye njia ya mkato ya Chrome, ile alama ya kuifungulia iliyo kwenye skrini ya mwanzo, alikuta anwani ya tovuti imebandikwa baada ya neno chrome.exe, akaifuta nayo. Alikagua proksi, DNS na faili la hosts, mipangilio inayoamua kompyuta ipelekwe wapi mtandaoni, akakuta viko salama. Mwisho alipitisha AdwCleaner ya Malwarebytes, programu ya bure ya kusafisha vitu vya namna hii, na ukaguzi wa nje ya mtandao wa Microsoft Defender, kinga ya virusi ya Windows. Tangu hapo kompyuta inatafuta inavyotakiwa. Manenosiri yetu tuliyabadilisha kwa kutumia simu, maana kiendelezi kile kilikuwa na ruhusa ya kusoma kila ukurasa tunaoufungua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika tangu 1 Mei 2023, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingilia mfumo wa kompyuta wa mtu pasipo ruhusa. Mimi ruhusa hiyo sikumpa mtu yeyote.

Sisemi kwamba mlikusudia. Programu za bure zikipakuliwa kwenye tovuti zisizo za watengenezaji wenyewe, mara nyingi hufungashwa pamoja na vitu vya namna hii, visanduku vikiwa vimeshawekwa alama ya kukubali, na mwenye kufungasha hulipwa kwa kila kompyuta inayoingiziwa. Fundi mwenye haraka hubonyeza endelea, endelea, mpaka mwisho. Lakini kazi ile mlilipwa, na mlilipwa kama wataalamu.

Hata kampuni kubwa jambo kama hili limewahi kuzikuta. Lenovo iliuza kompyuta mpakato zenye programu ya Superfish, iliyokuwa ikipenyeza matangazo kwenye kurasa za watu na kuhatarisha usalama wa mawasiliano yao. Ilipofichuka Februari 2015, kampuni ilitangaza orodha ya kompyuta zilizohusika na kutoa programu ya kuiondoa, na mwaka 2017 ikafikia makubaliano na Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani pamoja na majimbo 32, ikalipa dola milioni 3.5. Orodha hiyo ndiyo naitaka kutoka kwenu. Fundi wenu alinieleza mwenyewe kuwa kompyuta zote zilizokuja katika mzigo mmoja na yangu waliziwekea programu kwa flashi moja. Basi wapo wateja wengine, hapa mjini na pengine Tukuyu, Mbozi na Chunya, ambao hivi sasa wanalaumu watoto wao. Namba zao za simu mnazo kwenye vitabu vya risiti. Wapigieni, wasafishieni bila malipo, na flashi ile isitumike tena. Programu zipakuliwe kutoka kwa watengenezaji wenyewe.

Kwa upande wangu nataka nirudishiwe shilingi 15,000, na nipewe maelezo ya maandishi kwamba programu ile iliingizwa dukani kwenu kabla ya mauzo. Maelezo hayo nayadai kwa sababu ya watoto wangu, waliosingiziwa mbele za watu.

Nawapa siku 14 tangu mtakapopokea barua hii. Zikipita bila jibu, nitaipeleka pamoja na viambatisho vyote Tume ya Ushindani kama malalamiko ya mlaji. Mkitaka kuikagua kompyuta nitaileta, lakini ikaguliwe mbele yangu na siiachi dukani. Vilivyoondolewa havimo tena, ila picha za skrini zilizopigwa kabla ya kuondolewa zimo zote kwenye flashi iliyoambatana na barua hii.

Wenu,

(Sahihi)
Mteja wenu, Uyole

Viambatisho: nakala ya risiti ya mauzo, nakala ya risiti ya fundi, picha za skrini kwenye flashi.